Tumpokee Mwalimu

Mimi si mtu wa misiba ya mbali. Mke wangu husema nimeota mizizi kwenye kiti changu cha kamba pale barazani, na kwamba siku nikifa hakutakuwa na haja ya kuhangaika na jeneza, watanizika na kiti. Lakini Mkufunzi Magesa wa chuo chetu cha ualimu alipofariki, Perpetua, niliyesoma naye, alinipigia simu kutoka Mwanhuzi akasema, "Masunga, usipokuja Maswa kumzika mzee yule, mimi na wewe basi," na Perpetua hatishii bure. Nikavaa koti, nikaenda. Tulikaa chini ya turubai, tukala wali, tukaimba. Kisha akasimama mwalimu mmoja mstaafu mwenye sauti ya kanisani kueleza kazi za marehemu. Akasema marehemu alipenda nidhamu. Kweli. Akasema marehemu hakuchelewa kipindi. Kweli. Akasema marehemu ndiye aliyeeneza katika shule zetu ile mbinu ya kufundisha kusoma ambayo mwalimu hujifanya amekwama katikati ya habari, na watoto wakamwokoa. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Perpetua akanifinya paja kwa kucha zake zote. "Hujifanya," akaninong'oneza. "Umesikia? Hujifanya!" Ilibidi niiname nijifunike uso kwa leso, na mama mmoja aliyekaa mbele yetu akageuka akanipa pole, akidhani nalia.

Perpetua alirudi nami Bariadi, akalala kwangu siku mbili kabla ya kuendelea na safari. Mke wangu alipika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, akaweka na maziwa ya mgando pembeni, nasi tukakaa jikoni tukikumbushana mwaka wetu wa mazoezi ya kufundisha mpaka mke wangu akauliza, "Kwani huo mwaka mlikuwa walimu au mlikuwa wezi?" Maana kila kisa tulichosimulia kilikuwa na kujificha ndani yake. Perpetua akacheka akasema, "Wifi, mimi nilikuwa mwalimu. Mwizi alikuwa huyu." Alipoondoka nilirudi kwenye kiti changu, lakini kiti hakikunikaa vizuri. Ndiyo maana nasimulia. Nasema naandika, lakini ukweli ni kwamba naiambia simu na simu inaandika. Inakosea mara nyingi, ila yenyewe haicheki.

Nisizunguke. Kusoma hunishinda. Si kwamba sijui. Najua, ila kama mtu anayejua kutembea lakini kila akitembea ni kwenye tope. Herufi kwangu ni kama ng'ombe wanaotoka zizini asubuhi: kila mmoja namjua kwa rangi na kwa pembe, lakini wakishaanza kusukumana mlangoni huwezi kuniambia nani alitangulia. Siku hizi hali hii ina jina. Nililisikia kwenye semina moja hapa mjini, mwezeshaji akaeleza kuhusu watoto wenye disleksia, jinsi wanavyokwepa, jinsi wanavyokariri, jinsi wanavyojifanya wanaumwa tumbo siku ya kusoma kwa sauti, na mimi nikakaa pale na soda yangu mkononi nikijihisi kama mtu aliyevuliwa shati mbele ya wakwe. Nilimwomba jirani yangu anirudie hilo neno, nikalishika kwa masikio, kama ninavyoshika kila kitu. Enzi zetu jina lake lilikuwa uvivu, na mwalimu akiwa na hasira jina lake lilikuwa ng'ombe, ambalo kwetu Usukumani si tusi kubwa kama walivyodhani.

Sekondari nilipita kwa masikio hayohayo. Mwalimu akisema jambo mara moja, nimelibeba. Mtihani wa kidato cha nne ulinipa Daraja la Nne, lile la kuponea chupuchupu, na mlango pekee uliokuwa wazi kwa watu wa aina yangu ulikuwa chuo cha ualimu. Kwa hiyo mtu aliyeogopa vitabu akaenda kuomba kazi ya vitabu, sawa na anayeogopa mbwa kuomba kazi ya ulinzi. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni, ukifundisha chini ya mwalimu mkuu na mkufunzi akija kukukagua bila taarifa. Mkufunzi akikukubali, unapata cheti. Asipokukubali, unabeba godoro lako unarudi ulikotoka. Mwaka uliotutangulia kuna kijana alirudishwa, na chuo kizima kilijua hata rangi ya lile godoro. Nililiota godoro lile. Katika ndoto lilikuwa mgongoni kwangu.

Simiyu haikuwa mkoa bado, tulikuwa Shinyanga. Tulipangiwa mimi na Perpetua shule moja ya kijijini upande wa Mwamapalala, madarasa ya tofali za kuchoma, nusu yakiwa na sakafu. Yeye alipata chumba kwenye nyumba ya mwalimu mkuu, Mwalimu Sayi. Mimi nilipelekwa kwa mjane mmoja, Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, mwanamke mrefu aliyelima pamba kuliko wanaume wengi. Tulifika wakati wa mavuno, na chumba nilichopewa kilikuwa tayari na mpangaji: pamba. Ilijaa kutoka ukuta wa nyuma hadi katikati, imerundikwa mpaka karibu na bati, ikisubiri kupimwa. Kitanda changu kilibanwa kwenye nafasi iliyobaki. "Usiogope, mwalimu," Mayu Kabula aliniambia. "Pamba haina maneno." Ilikuwa kweli, na nikaipenda kwa hilo. Chumba kilinuka vumbi na mafuta ya mbegu, na asubuhi nilikwenda darasani na nyuzi nyeupe kwenye nywele. Watoto wakaniita Mwalimu Pamba. Nilijifanya sijui.

Perpetua aligundua mapema sana. Tulikuwa ofisini, akanipa kitabu cha darasa la tatu, akasema hebu soma hapa uone habari ilivyo ndefu. Nikamwambia macho yananiuma. Siku iliyofuata nikamwambia miwani yangu imevunjika. "Miwani gani?" akasema. "Tumekaa chuo mwaka mzima, sijawahi kukuona na miwani wewe." Akavuta kiti. "Masunga. Ulifaulije?" Nikamwambia: kwa kusikiliza. Hakucheka siku ile. Alicheka siku zote zilizofuata, lakini siku ile hakucheka. Tukapatana. Yeye angenisomea kila habari ya darasa langu mpaka niishike. Mimi ningemchotea maji kwa baiskeli na kumchorea zana zake zote za kufundishia, maana kuchora najua. Mbuzi wangu walikuwa mbuzi. Mbuzi wa Perpetua walifanana na masufuria.

Basi kila jioni alikuja uani kwa Mayu Kabula na kitabu. Mwenye nyumba akitwanga au akichambua nsansa, majani makavu ya kunde, mimi nikibangua karanga, Perpetua akisoma. Akimaliza nasema yote kwa kichwa, yeye akifuata na kidole. "Tena," anasema. "Hapo umemuua sungura kabla ya wakati." Niliikariri habari ya kila wiki pamoja na mahali pa kupumua, na mahali pa kufungua ukurasa, ili mkono wangu ugeuze karatasi kwa wakati kama wa msomaji. Kijijini hakuna jambo la uani linalobaki uani. Siku moja nikiwa chumbani nilisikia jirani akimuuliza Mayu Kabula kwa nini yule binti anayekaa kwa mwalimu mkuu haishi kuja kwake. "Anamsomea mwalimu wangu," akajibu. "Anaumwa?" "Haumwi. Anakula ugali huyu, ungemwona." "Sasa anasomewa nini?" Mayu Kabula akafikiri. "Habari za sungura." Kisha jirani akasema kwa sauti ya mtu aliyeelewa, "Ahaa. Ni uchumba wa wasomi huo. Atatoa ng'ombe wangapi?" Nilijifunika uso kwa pamba.

Ukikariri unapata nafuu ya kipindi kimoja, lakini hofu haiishi. Alfajiri nilikuwa wa kwanza kufika shule, niandike ubao kabla mtu hajaniona nikiandika, maana mimi huandika kama anayepanda mti: shina, tawi, pumziko. Perpetua alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akikagua. "Mstari wa pili, ile ya tatu imekupa mgongo. Igeuze." Nafuta, nageuza. Zamu yangu ya kusimamia mstarini ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Mwalimu Sayi alipenda kuandika matangazo kwenye karatasi na kumpa mwalimu wa zamu ayasome palepale. Nikawa namfuata nyumbani kwake asubuhi, eti kumsalimia. "Mwangaluka, mkuu. Leo kuna matangazo gani?" Anayataja akinyoa ndevu, mimi nayabeba kichwani hadi mstarini, nikashika karatasi mbele yangu nikatangaza. Siku moja niliishika juu chini. Mwalimu Sayi akaja taratibu, akaigeuza mkononi mwangu bila neno, akarudi mahali pake. Hakuwahi kuniuliza. Hilo nalo lilinitisha, maana mtu asiyekuuliza hujui anajua nini.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana anaitwa Minza. Alikaa kando ya ukuta. Watoto wakisoma kwa pamoja mdomo wake ulikwenda sawasawa na wao, lakini ukimsimamisha peke yake alisimama kimya mpaka umchoke. Walimu wengine walisema huyo ni wa kuchunga tu, mwache akue aolewe. Mimi niliona jambo ambalo wao hawakuliona, na sikuliona kwa akili bali kwa kulifahamu mwilini: wakati wa kusoma, macho ya Minza hayakuwa kwenye kitabu. Yalikuwa kwenye midomo ya jirani yake. Mtoto yule alikuwa fundi. Alichelewa nusu tu ya pumzi, huwezi kumgundua kama hujawahi kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita. Nilimpita kila nilipofika kwenye dawati lake, kama unavyopita nyumba ya mtu anayekufahamu sana, ukiomba asitoke nje.

Pamba ikapimwa, chumba kikabaki kitupu na mwangwi, mvua zikanyesha, na mwezi wa kwanza watu wakaingia kwenye palizi. Jumamosi moja Mayu Kabula aliniambia, "Mwalimu, leo unaacha sungura, unashika jembe." Kundi lao lilikuwa la majirani, wakilima shamba la huyu leo na la yule kesho. Kila mtu alipewa tuta lake, wakaanza pamoja upande mmoja kwa kuimba. Mimi, kijana wa chaki, nikabaki nyuma mapema sana. Walipofika mwisho wa shamba niliona wamegeuka, nikajua sasa ndiyo vicheko. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Tumpokee mwalimu!" Wawili watatu wakaingia kwenye tuta langu kutoka upande wa pili wakawa wanalima kunijia, mpaka majembe yetu yakakutana. Hakuna aliyenipongeza wala kunisimanga. Chakula hakiliwi mpaka matuta yote yaishe, na watu walikuwa na njaa. Watoto wa shule walikuwamo humo humo shambani na majembe yao madogo, wakipokea na kupokewa. Tulikula ugali wa mtama na maziwa, nikalala Jumapili mchana kutwa.

Mkufunzi Magesa alikuja siku ya mnada. Siku ya mnada nusu ya wavulana hawapo, wamepeleka ng'ombe na baba zao, kwa hiyo Mwalimu Sayi alikuwa na desturi ya kuunganisha madarasa. Asubuhi ile aliniambia nichukue la tatu na la nne pamoja. "Tumia kitabu cha la nne, wadogo wape nao vitabu, wafuatilie." Nikasema sawa mkuu, lakini kichwani nilikuwa na sungura wa darasa la tatu tu, na kitabu cha la nne sikuwahi hata kusomewa jalada. Nilimtafuta Perpetua, alikuwa darasani kwake akiimbisha. Nikajipa moyo: nitawasomesha wao kwa wao, kipindi kitaisha. Ndipo nikasikia pikipiki. Kila mwanachuo aliijua sauti ya ile pikipiki, ilikohoa kabla ya kuzima. Mkufunzi aliingia na vumbi kwenye nyusi, mwembamba, amefunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni, akakaa dawati la nyuma magoti yakimgusa kidevu, akatoa kalamu. "Endelea, mwalimu. Mimi sipo."

Niliendelea. Nikamsimamisha huyu, nikamsimamisha yule, nikasifu, nikasahihisha kwa sikio. Mambo yakaenda vizuri kiasi kwamba nilianza kuamini. Kisha sauti kutoka nyuma: "Vizuri. Sasa wasomee wewe, mwalimu. Wasikie mfano." Nikafungua kitabu kwenye habari iliyofuata. Ilikuwa habari ya watu waliochimba kisima, hilo nililiona kwenye picha. Nikaanza. Sentensi ya kwanza nikaipita kwa kubahatisha. Ya pili nikakwama. Sijui kama umewahi kukwama mbele ya watu wenye kalamu. Unasikia kila kitu: inzi, mti wa bendera ukigongwa na kamba, mtoto anayejikuna. Nikarudia neno lililotangulia, nikakwama palepale. Jasho likanishuka ndani ya mkono wa shati. Nikaliona godoro. Na kutoka katikati ya darasa mvulana mmoja wa la nne, bila kuinua mkono, akasema kama anayesema shambani, "Tumpokee mwalimu." Wakaingia. Walisoma lile neno na lililofuata, sauti nyingi, wakafika mahali nikapatambua, nikadaka, nikaenda hatua mbili tatu peke yangu. Nikakwama. Wakaingia tena. Hawakucheka hata kidogo. Mtu amechelewa kwenye tuta, kuna nini cha kucheka? Tulikwenda hivyo, taratibu kuliko ng'ombe mgonjwa, na mahali fulani tulikwama wote, mimi na wao, kimya, mpaka sauti moja ndogo kando ya ukuta ikasema, "Kisima." Ilikuwa Minza. Nilimtazama haraka. Macho yake yalikuwa kwenye kitabu.

Ofisini mkufunzi alikataa chai. Mimi nilisimama, kwa sababu nilidhani hukumu husikilizwa ukiwa umesimama. "Ile mbinu," akasema. "Ya kujifanya hujui. Umeitoa wapi?" Nikatafuta dharau usoni kwake, sikuiona. Mwalimu Sayi alikuwa anatazama dirishani kwa bidii kubwa. "Shambani, mkufunzi," nikasema, na hilo lilikuwa kweli. "Shambani!" Akarudia kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. "Tunawahubiria ushirikishwaji mwaka mzima, wanashirikisha kwa kuuliza 'sawa, watoto?' Wewe umewafanya wakuokoe. Hata yule aliyekaa ukutani." Kisha akafunga kalamu bila kuandika. "Alama zako sijazi leo. Nitarudi na wanachuo wa shule za jirani, waione. Nataka nijue ni mbinu au ni bahati."

Perpetua aliposikia alikaa chini kabisa, mavumbini, akicheka hadi akashika mbavu. "Masunga, umebarikiwa. Mtu anakuja kukukagua kukwama! Kukwama, kazi uliyozaliwa nayo!" Mimi sikucheka. Kukwama mbele ya mkufunzi kulikuwa ajali. Kukwama mbele ya walimu wenzangu, nikiwa nimeitiwa watu waje kutazama, kulikuwa kitu kingine. Wangejua. Mwenzako wa chuo anajua tofauti ya kujifanya hujui na kutojua kweli. Nikamwomba anisomee habari ya kisima. "Ya nini? Anataka usijue." "Nisomee tu." Akanisomea jioni baada ya jioni, akinisuta kila ukurasa, mpaka nikaimeza yote. Hata Mayu Kabula aliimeza. Nilikuwa nikipitiwa mahali, anatamka yeye kutoka kwenye kinu bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili chake cha kunyoosha. "Maji yakatoka, wakashangilia. Endelea, mwalimu." Nilijiambia nakariri ili nijue mahali pazuri pa kujifanya nimekwama. Huo ulikuwa uongo, na niliujua wakati naumeza.

Siku ile walikaa nyuma kwenye mabenchi yaliyotolewa kanisani, wanachuo wa shule kadhaa na mashati yao ya pasi, mkufunzi katikati. Perpetua alisimama dirishani. Madarasa yalikuwa yameunganishwa tena kwa ombi la mkufunzi. Nikafungua habari ya kisima, nikaanza, na woga ukanishika mdomo ukaanza kunisomea. Nilisoma kama redio. Mahali nilipopanga kukwama nilipapita kwa kasi kama mtu anayepita makaburini. Nilisikia sauti yangu nzuri, nene, yenye vituo, na nikaona walimu wenzangu wakitikisa vichwa, huyu jamaa anasoma, na sitasema sikuifurahia. Mkufunzi alikunja uso. Yule mvulana wa la nne alikuwa amekaa tayari, mdomo wazi, akimngoja mtu wa kupokea, na mwishowe akamnong'oneza mwenzake, watu wote wakasikia, "Sasa tumpokee wapi?" Nikafika kwenye maji yakatoka, wakashangilia. Nikamtazama Minza. Alikuwa amefunga kitabu chake, ameweka mikono juu yake, na macho yamerudi kwenye midomo ya jirani.

Kama ningefunga na mimi kitabu pale, ingekuwa basi. Hakuna mkufunzi anayemfelisha mtu kwa kusoma vizuri. Ningepewa alama za kutosha, wenzangu wangerudi makwao wakisema Masunga ana sauti, na godoro lingekwenda pale nitakapolipeleka mimi. Nililiona hilo lote kwa uwazi, nikiwa nimeshika chaki ambayo ilikuwa inavunjikavunjika mkononi. Lakini Minza alikuwa amenitazama mara moja, kwa mshangao mdogo, jinsi unavyomtazama mtu mliyekuwa mkikimbia naye mvua, kumbe yeye ana mwavuli. Nikageuza karatasi. Nikageuza nyingine. Nikafungua mbele kabisa, mahali Perpetua hakuwahi kufika, habari yenye picha ya mzee na mizinga ya nyuki. Dirishani Perpetua alitoa macho, akatikisa kichwa: hapana, Masunga, hapana.

Alama nilizopewa zilitosha kwa cheti, na sizitaji kwa sababu Perpetua alipata zaidi na bado anazikumbuka zangu. Mimi nakumbuka nilivyosoma. Haikuwa mbinu hata kidogo. Nilikwama kwenye neno la kwanza, nikalikosea, nikalirudia, nikaweka kidole kwenye kitabu kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye mabenchi mtu alicheka, kisha akaona wenzake hawacheki, akageuza kuwa kikohozi. Jasho, inzi, kamba ya bendera. Yule mvulana akasema, "Haya, tumpokee," kwa sauti ya mtu aliyerudishwa kazini, wakaja, tukakutana, wakaniacha, nikaenda kidogo, nikazama. Sikuthubutu kumtazama mkufunzi. Nilisikia tu kalamu yake imenyamaza. Tulipofika katikati ya ukurasa nilikuwa nimeanza kupata mwendo, naendesha sentensi nzima peke yangu, na nikasikia kitabu kikifunguliwa kando ya ukuta. Kisha dawati likasukumwa. Minza alikuwa amesimama bila kuitwa, kidole kwenye karatasi, na hakuonekana kuwa na haya hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyeona mbuzi ametoka kundini.

"Mwalimu," akasema, "umeacha mstari. Huo wa juu."

Nikarudi juu, nikautafuta. Ulikuwepo. Nikausoma.